Konsoli ya kufungwa ao ordinatere ya kujipangia: hesabu ya kucheza pa Kolwezi

Katika kartye za Manika na Dilala, vijana wengi walijua PlayStation mbele ya kujua ordinatere. Chumba kimoja, televizyo mbili ao tatu, benchi ya mbao, na foleni ya watoto wenye falanga mkononi wakingoja mechi yao: hapo ndipo mpira wa ekra ulijifunziwa. Leo swali ambalo wazazi na vijana wanawapelekea mafundi limebadilika. Mtu akiweka dola kidogo kidogo, kutoka mshahara wa kompani ao biashara ya soko, anunue konsoli, ao atafute ordinatere ya okazyo toka Bulaya na kuiongezea piesi mpaka iweze kucheza? Kwa nyumba nyingi pesa hiyo inapatikana mara moja. Ikienda mahali pabaya, hakuna nyingine kwa karibu.

Jibu si moja kwa watu wote, na wauzaji wa pande zote mbili wanapenda kusema nusu tu ya mambo.

Kufungwa maana yake nini

Konsoli ni ordinatere. Ndani kuna prosesere, RAM, disiki na karti grafiki, sawasawa na mashini ya ofisi. Tofauti kubwa iko katika funguo. Kampani iliyoitengeneza, iwe Sony kwa PlayStation, Microsoft kwa Xbox ao Nintendo kwa Switch, ndiyo inaamua programu gani itafunguka. Kila mchezo uko na sahihi ya siri, na mashini inakataa kitu chochote ambacho hakina sahihi hiyo.

Kuna faida hapo, na haifai kuidharau. Mtu anachomeka waya mbili, anaweka disiki, anacheza. Mchezo wa PlayStation 4 unaendeka kwa PlayStation 4 yote. Hakuna kuuliza kama karti inatosha, hakuna virusi ya kuletwa na flashi ya rafiki. Kwa mzazi ambaye hajui mambo ya mashini, hiyo ni amani kabisa.

Lakini mwenye funguo anaweza kubadilisha kufuli hata nyuma ya mtu kulipa. PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa inamruhusu mnunuzi kuweka Linux na kuifanya ordinatere ya kazi. Jeshi la anga la Marekani lilinunua zaidi ya 1,700 na kuziunganisha kuwa mashini moja kubwa ya hesabu. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilituma programu mpya iliyoondoa uwezo huo. Mwenye konsoli alichagua: akubali apoteze Linux, ao akatae apoteze kucheza na wengine kwa intaneti. Kitu kilikuwa nyumbani kwake, amekilipia, na bado uamuzi haukuwa wake.

Mfano mwingine unagusa zaidi watu wa huku. Ndani ya PlayStation 4 kuna pile ndogo ya duara, kama ya saa, inayotunza tarehe. Ikifa, na mashini haiwezi kufika kwa seva za Sony, michezo ilikuwa inakataa kufunguka, hata ile ya disiki. Mahali ambapo intaneti iko kila saa, watu hawakuona tatizo. Mahali ambapo megabaiti zinanunuliwa kwa kipimo, lilikuwa tatizo la kweli. Programu ya namba 9.00, iliyotoka Septemba 2021, ndiyo ilitengeneza jambo hilo.

Na disiki? PlayStation 5 ilianza Novemba 2020 kwa aina mbili, moja ikiwa haina mlango wa disiki kabisa. Aina nyembamba ya mwisho wa 2023 inakubali kuongezewa mlango huo, lakini mara ya kwanza inaomba intaneti ili mlango ujulishwe kwa Sony. Kwa aina zilizotangulia, kisomaji cha disiki kimefungamana na karti meri yake kwa siri. Fundi akitoa kisomaji kizima kwa konsoli iliyokufa na kukiweka kwa nyingine, hakisomi mchezo. Mafundi wajanja wanahamisha vipande vya ndani na kuacha karti ndogo ya mwanzo mahali pake. Ndiyo kusema kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu siku.

Bei ambayo haikupangwa kwa Congo

Konsoli inaonekana rahisi Bulaya kwa sababu kampani haitegemei mashini yenyewe. Inakubali kuiuza karibu na gharama yake, halafu inakula kwa kila mchezo na kwa malipo ya kila mwaka. Zamani bei ilikuwa inashuka pia kadiri miaka inapita: PlayStation 2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikafika dola 99 mwaka 2009. Siku hizi mambo yamegeuka. PlayStation 5 yenye disiki, iliyoanza kwa dola 499, ilipandishwa huko Marekani mpaka dola 549 na senti 99 katika Agosti 2025.

Hiyo ni bei ya Marekani. Ile inayofika Kolwezi imepitia Dubai, bandari ya Dar es Salaam, Kasumbalesa na barabara ya Lubumbashi, na kila mkono umeongeza chake. Goma na Bukavu njia ni nyingine, hesabu ni ileile.

Kisha kuna duka la intaneti. PlayStation haina duka rasmi la Congo. Kijana anayefungua konti anaandika Ufaransa ao Marekani, na tangu siku hiyo anapashwa kununua kodi za kulipia za nchi hiyo hiyo; ya Marekani haiingii katika konti ya Ufaransa. Anafanya hivyo akijua masharti ya Sony yanadai nchi ya kweli. Mwaka 2024 ulimwengu uliona uzito wa jambo hili: Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwa ordinatere wafungue konti ya PlayStation, mchezo ule uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo. Wachezaji walipiga kelele, na Sony ikarudi nyuma juu ya sharti la konti.

Tena kucheza na wengine kwa intaneti kunalipiwa. PlayStation Plus ya chini ni dola karibu 80 kwa mwaka kwa bei ya Marekani. Kwa ordinatere malipo ya namna hiyo hayapo. Miaka mitano ya malipo hayo ni dola 400, ni kusema karibu bei ya konsoli nyingine.

Ordinatere ya ofisi, na mchanga wa Kingamyambo

Watu wa Kolwezi wanajua kwamba kitu kilichotupwa na mmoja kinaweza kuwa mali ya mwingine. Mabaki ya konsantrateri ya Gécamines yalilala Kingamyambo miaka na miaka kama mchanga usio na kazi. Tangu 2018 Metalkol inayasafisha tena na kutoa shaba na kobalti. Ordinatere za ofisi za Bulaya ziko katika hali ya namna hiyo sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kutengeneza Windows 10 kwa watu wote, na Windows 11 inakataa rasmi prosesere nyingi za mbele ya kizazi cha 8 cha Intel, cha mwaka 2017. Mashini ambazo zingali na nguvu zinatolewa katika ofisi kwa wingi, na sehemu yake inakuja Afrika.

Kwa mtu wa mfuko mdogo, hapo ndipo pa kuangalia. Si kujenga toka mwanzo kwa piesi mpya za sanduku kama vijana wa video za YouTube. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM mpya imepanda vibaya sana duniani, kwa kuwa viwanda vinazipeleka kwanza kwa mashini kubwa za akili bandia. Ordinatere ya ofisi inakuja tayari na RAM yake ndani, na hiyo peke yake ni nusu ya vita.

Mafundi wanashauri mashini yenye prosesere ya Core i5, kizazi cha 4 kwenda juu, RAM ya GB 8 ao zaidi, na disiki ya SSD. Kizazi cha 4 kina sababu: hapo ndipo Intel ilianza kuweka amri fulani za hesabu ambazo michezo mingi ya sasa inadai, na mashini ya kizazi cha 3 inaweza kukataa kabisa kufungua mchezo hata kama nguvu ingetosha. Sanduku kubwa la kusimama ni bora kuliko lile jembamba la kulala, kwa sababu jembamba linaomba karti grafiki fupi, na karti fupi ni ngumu kupata na bei yake iko juu.

Karti yenyewe ndiyo moyo wa mambo. Alimentasyo ya ofisi ni ndogo, wati 240 ao 290, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha karti kubwa. Kwa hiyo inatafutwa karti inayokula wati 75 ao chini yake, ambazo inazipata katika karti meri yenyewe: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ao GTX 1650 ya mwaka 2019 ile isiyo na tundu la waya. RX 6400 ya AMD inakula wati 53 tu, lakini njia yake ya kuongea na karti meri ni nyembamba. Kwa mashini ya zamani inapoteza nguvu.

Kuna RX 580 nyingi za bei nzuri, na hadithi yake inachekesha kidogo kwa mji wa wachimbaji. Nyingi zilitumika kuchimba pesa za kompyuta, mchana na usiku, mpaka Ethereum ilipoacha njia hiyo katika Septemba 2022. Creuseur wa karti grafiki amefunga shimo lake na kuuza vyombo. Karti hiyo iko na nguvu, lakini inakula wati 185 na inaomba waya wake. Kuiweka katika mashini ya ofisi bila kubadilisha alimentasyo ni kutafuta harufu ya kuungua. Na kubadilisha si rahisi kila mara. Dell na HP wanatumia vichwa vya waya vya kwao wenyewe, si vile vya kawaida, na inaomba adapta. Basi hata ordinatere inaweza kuwa nusu ya kufungwa. Anayesema ordinatere yote inakubali piesi yote hajawahi kufungua moja.

Iko pia uongo wa sokoni. Karti za zamani kabisa zinabadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z inazitambua na kuandika wazi kwamba ni za kudanganya. Muuzaji anayekataa karti yake isichunguzwe amejibu swali.

Umeme, ule mtihani wa kwanza

Mtu wa Kolwezi anaishi karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, na waya mkubwa wa Inga, wa karibu kilometa 1,700, uliokamilika mwaka 1982, unaishia hapa hapa. Lakini migodi inakula kwanza, na delestaje inajua njia ya kila kartye.

Kwa maneno machache, stesheni ya mwisho wa waya ule inageuza umeme wa mkondo mmoja kuwa wa kupishana, ule wa volti 220 unaofika nyumbani. Alimentasyo ndani ya konsoli ao ordinatere inafanya kinyume chake: inapokea 220 na kutoa volti 12 za mkondo mmoja. Ndiyo kifaa kinachokufa kwanza umeme unaporudi kwa nguvu. Fundi akiambiwa mashini imezima usiku wa delestaje, anaanzia hapo.

Hesabu ya betri inasaidia kuona. Betri ya volti 12 na ampere-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ile ya risasi haifai kushushwa kupita nusu, zinabaki 600. Convertisseur inakula sehemu yake, zinabaki karibu 500. PlayStation 5 ikicheza mchezo mzito inakula kama wati 200, televizyo iongezewe 60: saa mbili hazitimii. Ordinatere ya ofisi yenye karti ya wati 75 pamoja na ekra ndogo ni karibu wati 175, na hiyo ni saa tatu hivi. PlayStation 4 nyembamba inakula karibu 90, na pamoja na televizyo inafika saa tatu na kitu. Hapo konsoli ya zamani haishindwi hata kidogo. Ordinatere ya mkononi isiyo na karti grafiki ya pekee, ikicheza michezo myepesi, inaweza kupita saa kumi.

Ondileri ndogo ya ofisi haitoshi kucheza. Inatoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, na kwa disiki hiyo ni faida kubwa. Stabilizateri ni ya lazima kwa pande zote mbili. Familia ambayo haijanunua stabilizateri haijamaliza kununua mashini.

Vumbi linafuata. Katika kiangazi, lile jekundu la barabara za migodi linajaza feni kwa wiki chache. Ordinatere inafunguka kwa bisibisi moja na kupulizwa. PlayStation 5 ina vitundu vya kuvuta vumbi nyuma ya mabawa yake meupe, lakini kufika ndani zaidi ni hatari: kati ya prosesere na chuma cha kupooza kuna metali ya maji, na ikimwagika inaua karti.

Nini kinachezwa kweli

Mpira ndio mfalme. PES 2013 na PES 2017 zinaendeka vizuri kwa mashini ya ofisi hata ile yenye karti ndogo, na eFootball ni ya bure tangu 2021. FC ya EA, ile iliyokuwa FIFA mpaka 2023, ni jambo lingine: inaomba karibu GB 100 za disiki, na programu yake ya kuzuia wezi inaikataza kufunguka kwa Linux. Kijana anayeweka Linux ili akwepe shida za Windows 11 anapashwa kujua hilo mbele. Kwa michezo mingine mingi Linux imekuwa nzuri kabisa tangu Valve ilipotoa Proton katika 2018.

GB 100 kwa megabaiti za simu ni pesa nyingi. Ndiyo maana disiki za okazyo za PlayStation 4 zinazunguka mkono kwa mkono: mtu anacheza, anauza, ananunua nyingine. Mchezo wa ordinatere ulionunuliwa kwa Steam hauuzwi tena. Unapatikana kwa bei ya kushuka mara nyingi kwa mwaka, na karti ya Visa ya benki inatosha kulipia, lakini ukishaingia katika konti umekaa humo. Kuhusu michezo ya kuvunjwa inayonakiliwa sokoni, mafundi wanasema jambo moja: ordinatere nyingi zinazoletwa zikiwa zimejaa virusi zilianza na flashi ya mchezo wa bure.

Nani anunue nini

Mwenye chumba cha michezo, anayelipwa kwa mechi, hana sababu ya kuhangaika na ordinatere. Wateja wake wanataka mpira, maneti mbili na kuanza haraka. PlayStation 4 ya okazyo, yenye disiki, inamlipa mapema. Maneti ndizo zitakufa kwanza, zote mbili kwa mwaka ao chini yake, na fedha yake iwekwe kando toka siku ya kwanza.

Nyumba yenye mwanafunzi ni hadithi nyingine. Kijana wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anaandika kazi zake, anatafuta vitabu, anajifunza Excel ambayo kompani za migodi zinaulizia. Konsoli haifanyi hata moja ya hizo. Ordinatere ile ile inayocheza jioni inaandika asubuhi, na siku ikihitajika inatia nyimbo kwa simu za watu kwa falanga, inachapa barua, inatengeneza picha za harusi. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuweka dola zote katika mashini inayofanya kazi moja ni kujifunga. Inunuliwe kwanza ordinatere bila karti grafiki. Karti ingoje miezi mitatu ao sita. Konsoli hainunuliwi nusu.

Na kwa watoto wa nyumba yenye wazazi wasio na fundi karibu, mbali na mji, konsoli ya zamani inaweza kuwa na akili kuliko ordinatere ambayo hakuna wa kuitengeneza.

Jambo moja halibadiliki, mtu achague upande gani. Tantale ya ndani ya karti hizi ni ndugu wa koltani ya Kivu na Maniema. Bei yake iliruka mwaka 2000, wakati simu na PlayStation 2 zilipokuwa zinaenea, na vita ya mashariki ikala humo. Betri ya maneti, kwa kawaida, iko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, sehemu kubwa Lualaba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 juu ya madini ya vita ilitaja bati, tantale, tungsteni na dhahabu. Kobalti haikutajwa.

Siku ya kununua

Mnunuzi aende mchana, umeme ukiwa uko, na aombe mashini icheze nusu saa mbele yake. Joto likipanda, feni mbovu inajulikana kwa sauti. Kwa PlayStation 4 aangalie katika paramètres namba ya programu: ikiwa chini ya 9.00, ipandishwe mbele ya pile kufa. Ajaribu disiki mbili, moja ikiwa na mikwaruzo. Aulize kama konti ya mwenye zamani imeondolewa. Kwa ordinatere aombe kuifungua: aone kama kondansateri hazijavimba, kama RAM ni barete mbili ao moja, kama SSD iko kweli ao ni disiki ya zamani iliyobandikwa karatasi. Namba ya serie iandikwe katika fakture pamoja na tarehe na siku za garanti, kwa kuwa garanti ya mdomo inaisha muuzaji akibadilisha namba ya simu.